FUNUA KAPETI KABLA HUJATOA PESA



Kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake na maswahaba zake wote.

Katika maswali mnayoniletea, mengi ni ya ndoa, talaka, udhu na saumu. Ni haki yenu kuyauliza. Lakini kuna jambo nimeliona kwa miaka mingi ya uimamu. Mtu atauliza mara tatu kama tone la maji lililoingia sikioni linabatilisha saumu yake, halafu mtu huyo huyo atakwenda kununua gari la milioni saba bila kumuuliza yeyote swali hata moja. Hamuulizi shehe wala fundi wala mwanasheria. Anauliza bei tu. Akishadhulumiwa ndipo anakuja msikitini kuomba dua.

Ndugu yangu, mauziano ni ibada kama utayafanya kwa hukumu zake. Leo nazungumza na wewe kijana wa chuo unayetafuta gari la mkononi kwa pesa ya kubana. Nazungumza pia na wewe unayeuza, na wewe dalali uliye katikati. Someni mpaka mwisho, kila mmoja ana fungu lake humu.

Katikati ya mwaka 2024 kijana mmoja wa darsa yetu ya baada ya Magharibi alinifuata. Anasoma uhasibu mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, anaishi Mbagala na mama yake. Baba amefariki. Mama anapika vitumbua na chapati, anaamka saa nane usiku, na alfajiri mzigo unapakiwa kwenye bajaji kwenda kwa wateja wake Kariakoo. Kijana akaniambia, "Shehe, nina milioni saba. Milioni nne na nusu ni fungu langu la mirathi ya marehemu baba, na milioni mbili na nusu mama ameipata kwenye kikoba. Nataka gari. Nipeleke mzigo wa mama, kisha niendelee chuo. Niombee dua nipate zuri."

Nikamwambia, "Mwanangu, dua nitakuombea. Lakini kwanza chukua karatasi. Si wewe ndiye mhasibu?"

Tukakaa barazani tukapiga hesabu. Bajaji ya mama ni 12,000 kwa siku. Kwa siku 26 za mwezi inakuwa 312,000. Gari dogo kwa mizunguko yake, kilomita kama 40 kwa siku na foleni zetu hizi, litakunywa kama lita tatu. Wakati ule lita ya petroli ilikuwa imepita kidogo 3,000, kwa hiyo weka 10,000 kwa siku. Kwa mwezi ni 260,000. Kinachobaki ni 52,000. Ongeza nauli yake ya daladala za chuo, kama 53,000. Jumla ni 105,000 kwa mwezi.

Nikamuuliza, "Hiyo laki moja na elfu tano ndiyo utakayobadilishia oili, utakayolipia bima, maegesho, matairi, na siku trafiki akikusimamisha. Itatosha?"

Akanyamaza. Hakuwa amewahi kuiona kwa sura hiyo. Alikuwa anaiona picha yake akishuka garini mbele ya wenzake, na hilo si dhambi, ujana ni ujana. Lakini gari halilishwi picha. Nikamwambia arudi nyumbani akazungumze na mama.

Baada ya siku mbili alirudi na jambo la maana. Mama alikuwa amekataa oda za migahawa miwili kwa sababu bajaji haichukui mzigo zaidi na mzigo mwingine ukifika umepoa. Gari likipatikana atazipokea. Sasa hapo nikaona gari lina kazi. Wewe unayesoma, kabla hujauliza bei ya gari, uliza kazi yake. Likiwa na kazi ya kheri, tafuta. Likiwa ni la kuonekana tu, subiri kwanza umalize masomo.

Tukaafikiana jambo la pili. Milioni saba zote si za kununulia gari. Gari la mkononi hununuliwa mara mbili: mara ya kwanza kwa mwenye gari, mara ya pili kwa fundi. Nikamwambia aweke milioni moja pembeni, asiiguse, asimtajie dalali. Bajeti yake ikawa milioni sita.

Hapo ndipo shetani naye alipoingia. Wenzake wa chuo wakamwambia milioni sita ni pesa ya Vitz ya zamani, namba C. Mnaijua lugha ya mjini kwetu, siku hizi gari linapimwa kwa herufi ya kibao chake kuliko kwa injini yake. Namba C ni mzee, namba D angalau, namba E ndiyo mtu. Wakamshauri aongeze milioni mbili za mkopo wa haraka apate IST namba D. Mkopo wenyewe ni ile mnayoiita kausha damu.

Ndugu yangu, jina lenyewe halikutoshi kuwa fatwa? Watu wameshaupa mkopo jina la kukausha damu, na bado unakwenda kuweka shingo. Riba ni haramu, na ubaya wake kwa maskini unaonekana kwa macho. Anayeweza kulipa deni haraka hakopi kwa namna hiyo, na anayekopa kwa namna hiyo hawezi kulipa haraka. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Allah na mzigo wa deni ndani ya swala yake, na Bukhari ameipokea habari hiyo. Wewe unalifuata deni kwa miguu yako ili watu wasione herufi C?

Nikamkumbusha Jabir bin Abdillah (r.a.). Alikuwa kijana, baba yake ameuawa shahidi Uhud na kumwachia madeni na dada zake wa kuwatunza. Alikuwa safarini na ngamia aliyechoka, anabaki nyuma ya msafara. Mtume (S.A.W.) hakumcheka kwa kipando chake. Alimuombea, ngamia akachapuka, kisha akataka kumnunua. Jabir akamuuza kwa wakia moja, na akashurutisha ampande mpaka Madina. Walipofika akalipwa thamani yake, kisha akarudishiwa na ngamia wake. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim, na wanazuoni wametoa ndani yake hukumu nyingi za biashara. Mimi nilimpa kijana moja tu: mbora wa viumbe alikaa bei na kijana mwenye kipando kilichochoka, na heshima ya kijana haikupungua.

Basi tukaanza kutafuta. Mimi si fundi, na kazi ya mtu mwachie mwenyewe. Nina ndugu niliyesoma naye madrasa, sasa ana gereji yake Temeke. Nikamuomba afuatane nasi, na kijana akamlipa ujira wake kabla ya jasho kukauka. Usione uchungu kumlipa fundi 50,000 akuokolee milioni sita.

Gari la kwanza lilikuwa Vitz namba D, na lilikuwa linauzwa kwa bei ya namba C. Rangi ya fedha, linang'aa, ndani linanukia marashi mpaka pua zinawasha. Mwenyewe ni mtu mzima, mswalihina, ananifahamu kwa sura kutoka misikiti ya jirani. Alitupokea vizuri akasema, "Shehe wangu, gari hili halijaguswa na fundi. Washa, ondoka."

Dalali naye akawa anapokea simu kila dakika mbili, anasema kwa sauti kuna mtu yuko njiani na milioni saba taslimu. Sikilizeni, enyi madalali. Kama mtu huyo yupo kweli, sawa. Kama hayupo, na unamtaja ili mnunuzi apandishe bei, hiyo ndiyo najshi aliyoikataza Mtume (S.A.W.). Ujira wako ni halali kwa kuwakutanisha watu. Kwa kuwatisha, si halali.

Fundi wetu hana maneno mengi. Alizunguka gari mara moja. Akauvuta mkanda wa kiti cha mbele mpaka mwisho, akauangalia. Akainama chini ya kiti akaangalia boliti. Kisha akaingiza vidole pembeni ya mlango akafunua kapeti.

Juu kapeti lilikuwa kavu, limefuliwa. Chini lilikuwa na unyevu, na tope jembamba la kijivu limegandamana na bati. Boliti za viti zilikuwa na kutu. Kwenye mkanda, ile sehemu ambayo kwa kawaida hubaki ndani, kulikuwa na mstari wa maji. Gari lile lilikuwa limezama. Mtakumbuka mvua zilizoanza mwishoni mwa 2023 zikaendelea mpaka 2024, Jangwani maji yalivyofunga njia, na magari mangapi yalibaki ndani ya maji. Gari lililozama likikaushwa huwaka vizuri tu. Maradhi yake yanakuja baadaye, kwenye nyaya na kwenye vifaa vya umeme, leo taa, kesho kioo, keshokutwa linazimika barabarani. Fundi anakula pesa yako kila wiki na hajui hasa anatibu nini.

Mwenye gari akatazama lile tope, akaniambia, "Ni mvua tu, shehe wangu. Ni mvua ya Mungu."

Wallahi nilisisimka mwili. Kwa sababu neno hilo limeshawahi kusemwa. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye nafaka ni kitu gani hiki. Yule mtu akajibu kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) hakumlaumu kwa mvua, mvua si ya mtu. Alimuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa watu wakaiona. Kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Ameipokea Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.).

Angalia vizuri, ndugu yangu. Kulowa si kosa. Kuuza kilicholowa si kosa. Kosa ni kukiweka chini. Yule bwana wa Vitz hakuwa na hatia ya mafuriko, na alikuwa na haki ya kuliuza gari lake. Lakini aliufukia ukweli chini ya kapeti akaufukizia marashi.

Sikumfokea. Nasaha mbele ya watu ni fedheha. Nikamvuta pembeni nikamwambia, "Ndugu yangu, sisi hatulichukui. Lakini atakuja mwingine asiye na fundi. Pengine naye pesa yake ni ya kikoba cha mama yake. Mwambie, kisha mpunguzie. Kilicholowa kiweke juu." Hakunijibu. Tukaagana.

Siku kama kumi baadaye alinipigia simu. Alikuwa amemwambia mnunuzi aliyefuata kuwa gari liliingia maji, na akaliuza kwa pungufu ya milioni moja na nusu. Hakupiga kunishukuru. Alisema, "Shehe, umenitia hasara ya milioni moja na nusu." Nikamwambia hiyo milioni moja na nusu haikuwa yako, ilikuwa ya mnunuzi, wewe umemrudishia tu. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Niombee," akakata.

Mimi namuombea, na ninyi itikieni amin. Kusema ukweli ni rahisi hapa kwenye maandishi. Kuusema huku milioni moja na nusu inaondoka mkononi ni jambo jingine.

Sasa nieleze hukumu, maana wengi mnafikiri ukishalipa basi imekwisha. Hapana. Sheria yetu imempa mnunuzi khiyari, yaani haki ya kuvunja mauziano kwa nafasi maalumu. Nitataja kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ndiyo wengi wetu pwani hii tunayoifuata.

Kwanza, khiyari ya kikao. Madamu mpo pamoja hamjaachana, kila mmoja ana haki ya kurudi nyuma. Hii imo katika hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, na ndani yake mna mafundisho kuwa wauzianao wakisema kweli na wakabainisha, mauziano yao hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa. Kwa hiyo usiogope kusema "nimeghairi" kabla hamjaachana. Hiyo si utoto.

Pili, khiyari ya sharti. Mnaweza kukubaliana kuwa unalichukua kwa sharti la siku kadhaa, zisizozidi tatu, fundi aliangalie. Muuzaji akikubali, limekuwa deni juu yake. Andikeni.

Tatu, khiyari ya kasoro. Ukigundua aibu iliyokuwepo kabla ya kununua, iliyofichika, inayopunguza thamani, una haki ya kulirudisha. Lakini sikiliza hapa, maana ndipo vijana wanapopoteza haki yao: ukishaijua kasoro, usiendelee kulitumia. Mjulishe muuzaji mara moja. Ukiendesha mwezi mzima huku unajua, umeonyesha kuwa umeridhika.

Na wewe muuzaji usijifiche nyuma ya neno "nauza kama lilivyo". Neno hilo haliisafishi kasoro unayoijua ukainyamazia.

Nne, kulijaribu. Una haki ya kulijaribu gari, lakini likiwa mkononi mwako lina dhamana. Imepokewa kuwa Umar bin Khattab (r.a.), akiwa ndiye khalifa, alimchukua farasi wa mtu kumjaribu, farasi akaumia. Umar akataka kumrudisha, mwenyewe akakataa, wakamweka Shurayh awe mwamuzi. Shurayh akahukumu dhidi ya khalifa: umemchukua mzima, basi mchukue uliyemnunua au mrudishe mzima kama ulivyompokea. Umar hakukasirika. Akamteua kuwa kadhi wa Kufa. Kwa hiyo kijana, ukipewa funguo kulijaribu, usiende kulishindanisha barabarani.

Tuendelee na safari yetu. Gari la pili lilikuwa Passo, zima kabisa. Fundi alilisifu. Bei 4,800,000, na kijana macho yakang'aa. Nikaomba kadi ya gari. Jina lililoandikwa si la muuzaji. Nikamuuliza huyu ni nani, akasema ni marehemu baba. Nikamuuliza, "Mko wangapi?" Akasema wanne, na mama yupo hai. "Wenzako wanajua unauza?" Akaanza kueleza kuwa yeye ndiye mkubwa.

Ndugu zangu, gari la marehemu ni mirathi. Ukubwa haukufanyi mrithi wa peke yako. Mama mjane ana thumuni yake, watoto wana mafungu yao, na kabla ya hapo kuna madeni ya marehemu na wasia. Kisheria pia anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ukinunua kwa mrithi mmoja kwa siri, umenunua haki za mayatima, na wenzake wakija juu gari linashikiliwa na pesa imeshaliwa. Kijana wetu mwenyewe pesa yake ni ya mirathi. Nikamuuliza, "Je, ungependa kaka yako angekuuzia fungu lako hivi?" Akairudisha kadi mwenyewe.

Kwa hiyo shika haya ya makaratasi. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na umwone na kitambulisho chake. Namba ya chesi iliyo kwenye gari ifanane na ya kwenye kadi, usisomewe, isome. Angalia deni la faini kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, maana faini za makosa ya barabarani nyingine zinalimbikizwa na kuachiwa mnunuzi. Andikianeni mkataba wa mauziano mbele ya mwanasheria, na mkahamishe umiliki TRA mapema. Allah ametuamrisha kuandikiana na kushuhudisha katika aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, ile ya deni katika Suratul Baqara. Anayekwambia "sisi ni Waislamu, hatuna haja ya karatasi" muulize aya hiyo iliteremshwa kwa akina nani.

Na haya ni ya fundi, nimeyaandika kama alivyoniambia. Nenda asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Ukikuta limeshapashwa moto kabla hujafika, uliza kwa nini. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta utelezi kama maziwa, maji yameingia kwenye oili. Ukigeuza ufunguo kabla ya kuwasha, taa ya injini lazima iwake kwanza ndipo izime, isipowaka kabisa huenda wameiondoa isikuseme. Kwenye tairi kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka iliyotengenezwa, usiangalie meno tu. Na mchana si usiku, jua si kivuli.

Gari la tatu lilikuwa la mama mmoja mwalimu, Vitz ya zamani, namba C. Kabla hatujauliza lolote akasema, "Karibuni. Niwaambie kabisa, kiyoyozi hakifanyi kazi, shokapu za nyuma zimekwisha, na mlango huu uligongwa ukapakwa rangi." Fundi akakagua karibu saa nzima. Hakukuta zaidi ya hayo aliyoyataja. Bei yake 6,200,000.

Wakati tunaondoka kushauriana, dalali akamnong'oneza kijana kuwa yule mama ana mgonjwa anataka kumpeleka hospitali, pesa anaihitaji wiki hii hii. "Mkazie milioni tano, atakubali tu." Na kijana akavutika. Alikuja kuniuliza, "Shehe, bei si ni maelewano?"

Nikamwambia ni maelewano, na kupatana bei ni halali. Lakini ulifurahi yule wa kwanza alipokuficha? Basi na wewe usiingize mkono kwenye jeraha la mtu. Nikamsimulia habari ya Jarir bin Abdillah (r.a.) iliyopokewa na Tabarani. Alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona farasi akamwambia mwenyewe kuwa farasi wako ana thamani kuliko hiyo, akawa anaongeza mpaka 800. Alipoulizwa akasema alimpa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kumtakia mema kila Muislamu. Kijana akacheka, "Shehe, mimi sina za kuongeza." Nikamwambia usiongeze. Usimnyonge tu.

Akarudi akamwambia mwalimu ukweli wake: ana milioni sita, basi, na shokapu atanunua yeye. Yule mama akamwangalia akasema, "Chukua mwanangu, Mungu akubariki." Kwa nilivyofahamu si Muislamu. Na ndiye aliyeiweka juu nafaka iliyolowa. Hilo nalo tulitafakari sisi wenye kujaza misikiti.

Katika ile milioni moja ya pembeni kijana alihamisha umiliki, akakata bima ndogo, akabadilisha shokapu na matairi mawili ya mbele. Kilichobaki akakirudisha kwenye kikoba cha mama kama akiba ya gari. Baada ya miezi miwili pampu ya maji ikaanza kuvuja. Nalisema hili makusudi, msije mkadhani ukinunua kwa haki gari haliharibiki. Chuma ni chuma. Lakini fedha ya pampu ilikuwepo, na mama hakulala na deni. Kiyoyozi mpaka leo hakifanyi kazi, wanafungua vioo. Migahawa yote miwili inapata chapati za moto.

Ewe muuzaji, usingoje fundi afunue kapeti. Lifunue wewe. Kuna siku yatafunuliwa yote na hakuna marashi yatakayosaidia. Ewe dalali, ukiijua kasoro ukanyamaza, umeshiriki. Ewe mnunuzi, uliza, kagua, andika, na usimkandamize mwenye shida. Na ninyi wazazi na wajomba, msimwache kijana aende yadi peke yake na pesa ya familia mfukoni. Fuatana naye, hata kama hujui injini. Mzee akiwepo, uongo hupungua.

Allah atujaalie riziki ya halali na yenye baraka, atuepushe na riba na kughushi, awarehemu wazazi wetu waliotangulia, amponye mgonjwa wa yule mwalimu, na awalinde vijana wetu barabarani. Amin.

Ukiwa na kijana anayetafuta gari, mfikishie ujumbe huu leo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.